Taekwondo ya WT, ya ITF au hapkido: ulinganisho wa adabu kwa mzazi wa Mombasa

Mzazi wa Mombasa anayemtafutia mtoto shule ya mapigano ya Kikorea huuliza ada kwanza, kisha umbali, kisha kama mtoto ataumia. Adabu haiulizwi. Watu huichukulia kama ya chuoni: ukishampeleka mtoto, maalim anajua la kufanya. Lakini kumbi hizi hazifanani kwa jambo hilo. Mateke ya taekwondo ya upande mmoja na ya upande mwingine yanakaribiana sana. Tofauti iko katika namna mtoto anavyosimama, anavyoitikia, anavyomgusa mwenzake na anavyopokea kushindwa. Na hayo ndiyo atakayorudi nayo nyumbani.

Nalinganisha mitindo mitatu: taekwondo ya WT (World Taekwondo), yaani ile ya Olimpiki; taekwondo ya ITF (International Taekwon-Do Federation), shirika jingine; na hapkido, ambayo zaidi ni ya kushikana na kuangushana. Karate nitaigusa inapobidi tu, maana ni ya Kijapani, ingawa kwa wazee wengi wa hapa chochote chenye sare nyeupe na mateke ni karate na mjadala umekwisha.

Utakayoyakuta kote

Viatu huvuliwa kabla ya kukanyaga mahali pa mazoezi, hata kama mahali penyewe ni ukumbi wa shule uliokodiwa kwa saa mbili. Mwanafunzi huinama kidogo akiingia na akitoka. Mstari hupangwa kwa mikanda, wa juu mbele. Mkanda au sare ikilegea, mtoto hugeuka, akampa mwalimu mgongo, akajifunga, kisha akarudi. Kujifunga ukimtazama mkubwa usoni ni utovu wa heshima. Maji hunywewa kwa ruhusa. Kucha hukatwa, pete na heleni huvuliwa, na sare, ambayo huitwa doboki, hufuliwa baada ya kila zoezi. Kwa joto la Mombasa hilo la mwisho halina mjadala: doboki iliyoachwa ndani ya mkoba mpaka kesho yake hujitangaza yenyewe ukumbi mzima.

Mtoto wa Pwani hufika na nusu ya mafunzo haya tayari. Viatu anavivua mlangoni nyumbani na msikitini. Amefundishwa kutoa na kupokea kwa mkono wa kulia. Wakorea humkabidhi mkubwa kitu kwa mikono miwili, au kwa wa kulia huku wa kushoto ukishika chini ya kiwiko, kwa hiyo kuna hatua moja tu ya kuongeza. Salamu nazo hazigombani. Mtoto anayemwambia mwalimu "Shikamoo" nje ya mlango na "Sabumnim", yaani mwalimu kwa Kikorea, ndani ya darasa ametimiza haki za pande mbili, na mwalimu anayekasirishwa na shikamoo nina mashaka naye.

Kuchelewa kunahitaji maneno yake, hasa kwa wanaotoka Likoni. Utaratibu wa kawaida ni kwamba aliyechelewa hasogei mpaka mstarini moja kwa moja: husimama kando, akangoja mwalimu amwone, akainama, akaruhusiwa, kisha akaingia nyuma kabisa bila kujali rangi ya mkanda wake. Kuna kumbi zinazoongeza adhabu ya kupiga pushapu. Kwa mtu mzima aliyezembea, sawa. Kwa mtoto wa miaka minane aliyekwama kwenye foleni ya feri na mama yake, mwalimu anamwadhibu mtoto kwa makosa ya feri. Uliza mapema linavyoamuliwa.

Suala la kuinama

Hapa ndipo wazazi Waislamu wengi husita, na wana haki ya kusita. Rukuu na sijida ni za Mwenyezi Mungu, na mtoto aliyelelewa hivyo akiambiwa ainamie mwalimu, bendera na picha ukutani, lazima atauliza.

Tofauti za mitindo zinasaidia hapa. Taekwondo ya pande zote mbili huinama kwa kusimama wima, mikono ubavuni. Katika ITF kuinama ni kudogo, kama digrii 15 hivi, macho yakibaki kwa aliye mbele yako. Katika mashindano ya WT kuinama ni kwa chini zaidi, kiuno kikikunjwa na kichwa kikishuka. Hapkido inategemea ukumbi: kumbi nyingine huinama kwa kusimama, nyingine hupiga magoti mwanzo na mwisho wa darasa na kuweka mikono sakafuni. Karate rasmi nayo ina salamu ya kupiga magoti ambayo kwa mbali inafanana na sijida, na ndiyo huwatia wazazi wengi wasiwasi. Kama jambo hili ni zito kwako, taekwondo ni nyepesi kuliko karate, na ITF ni nyepesi kuliko WT.

Kuna njia ya katikati inayotumika na Waislamu sehemu nyingi duniani: mkono wa kulia kifuani na kichwa kuashiria kidogo. Ni salamu ambayo mtu wa Pwani huifanya hata sokoni. Mwalimu mwelewa huikubali bila kelele. Mwulize siku ya kwanza, mbele ya mtoto, ili mtoto ajue ruhusa ipo na asijione mkaidi. Kwa upande wa dini, muulize sheikh unayemwamini. Usimwachie mwalimu wa mateke akutolee fatwa, hata kama jina lake ni Abdallah.

Bendera ni swali jingine. Kumbi nyingi hutundika ya Korea Kusini kando ya ya Kenya. Kuisimamia wima, kama watoto wanavyosimama shuleni asubuhi, kwa kawaida kunatosha.

WT: adabu ya mashindano

World Taekwondo ilianzishwa Seoul mwaka 1973, wakati huo ikiitwa WTF, mwaka mmoja baada ya kufunguliwa kwa Kukkiwon, makao makuu ambako vyeti vya mikanda myeusi hutolewa mpaka leo. Mchezo ulionyeshwa kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 na ya Barcelona 1992, na medali kamili zikaanza Sydney 2000. Faith Ogallo aliiwakilisha Kenya Tokyo. Kwa hiyo ukimpeleka mtoto ukumbi wa WT, umemweka kwenye barabara yenye mwisho unaoonekana, na adabu yake imejengwa kuzunguka ulingo.

Maana yake ni hii. Mpinzani huinamiwa kabla na baada. Amri ya mwamuzi haijadiliwi. Kosa huadhibiwa kwa gamjom, na gamjom moja ni pointi moja kwa mpinzani, kwa hiyo utovu wa nidhamu unaonekana ubaoni papo hapo, hata ukiwa wa kocha aliyepiga makelele kando. Watoto wanaelewa upesi adabu yenye alama. Aliyepita mpaka ni Ángel Matos wa Kuba, bingwa wa Sydney 2000, ambaye Beijing mwaka 2008 alimpiga mwamuzi teke la uso baada ya kuondolewa pambanoni. Yeye na kocha wake walifungiwa maisha. Walimu hupenda kukisimulia kisa hicho, na wana sababu.

Kwa wasichana, WT ina hoja nzuri ya kutoa. Hijabu inaruhusiwa chini ya kofia ya kinga. Kimia Alizadeh wa Iran aliivaa Rio mwaka 2016, akiwa na miaka 18, akatwaa shaba na kuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kupata medali ya Olimpiki. Mwaka huohuo Ahmad Abughaush aliiletea Jordan medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, ya dhahabu, na Cheick Sallah Cissé wa Côte d'Ivoire akatwaa dhahabu kwa teke la sekunde ya mwisho. Binti anayeambiwa na shangazi zake kwamba michezo hii si ya watu wetu ana majibu.

Udhaifu wake? Ukumbi ukishakuwa wa medali, adabu huanza kupimwa kwa ushindi. Nimeona watoto wakilia kwa kushindwa na hakuna mkubwa aliyewaambia wamwendee mpinzani wampe mkono. Kuinama kunafanyika haraka, kichwa kama kinatikiswa na nzi, kwa sababu saa inakwenda na kuna raundi nyingine. Tazama dakika moja baada ya pambano kuisha, wala si pambano lenyewe. Mtoto aliyeshindwa anakwenda wapi? Kocha anamwambia nini? Dakika hiyo inakuonyesha ukumbi mzima.

Jambo dogo la sare: doboki ya WT huvaliwa kwa kupitisha kichwani, yenye shingo ya V. Aliye chini ya miaka 15 akifikia kiwango cha mkanda mweusi hupewa cheti cha puum na mkanda wa nyekundu na nyeusi, wala si mweusi kamili. Mwalimu anayemfunga mtoto wa miaka tisa mkanda mweusi kamili na kumwambia ni wa Kukkiwon, mwombe cheti ukione.

ITF: adabu ya ahadi

Jenerali Choi Hong Hi, aliyetajwa sana kuhusiana na jina la taekwondo lililopitishwa mwaka 1955, alianzisha ITF mwaka 1966 mjini Seoul, kisha akahamia Kanada mwaka 1972. Alipofariki mwaka 2002 shirika lilikuwa limeanza kugawanyika, na leo kuna makundi zaidi ya moja yanayotumia jina hilohilo. Kabla hujalipa, uliza ni ITF ipi na cheti kinatoka wapi, maana kuhamia kundi jingine baadaye kunaweza kuwa na usumbufu.

Ukiacha siasa hizo, ITF ndiyo iliyoandika adabu kwa uwazi kuliko nyingine zote ninazozifahamu. Mwanafunzi hufundishwa nguzo tano: adabu, uadilifu, uvumilivu, kujizuia, na moyo usioshindika. Kisha kuna kiapo cha mwanafunzi chenye mambo matano: kuzishika nguzo hizo, kumheshimu mwalimu na waliomtangulia, kutoitumia taekwondo vibaya, kuwa mtetezi wa uhuru na haki, na kujenga dunia yenye amani zaidi. Kumbi nyingi hukisoma kwa sauti kila darasa. Watoto hukishika kwa moyo upesi kama wanavyoshika sura fupi za Kurani, na mzazi anayejua kazi ya kukariri ataona thamani yake: siku mtoto akimpiga mdogo wake teke sebuleni, unamkumbusha jambo la tatu, na hana pa kutokea.

Tatizo ni neno lenyewe la kuapa. Waislamu hawaapi ila kwa Mwenyezi Mungu, na kuna Wakristo pia wasiokula viapo. Walimu wengi wanakubali kisomwe kama ahadi. Ukumbi unaolazimisha kiapo kwa mtoto ambaye mzazi wake amekwisha eleza tatizo, huo utakuletea matatizo na mengine mbele ya safari.

Vyeo hapa vimepangwa kwa makini. Wa dani (daraja la mkanda mweusi) ya 1 hadi ya 3 ni boosabum, wa 4 hadi 6 ni sabum, wa 7 na 8 ni sahyun, na wa 9 ni sasung. Heshima huongezwa kwa "nim" mwishoni. Sare husomeka: kuanzia dani ya 1 koti huwa na ukingo mweusi chini, na kuanzia ya 4 mstari mweusi huongezeka mikononi na miguuni. Kwa watu wa Mombasa, ambao humsoma mtu kwa kanzu na kofia yake kabla hajafungua mdomo, utaratibu huo haushangazi. Lakini ujue watoto wako watasahihishwa wakikosea cheo.

Mtihani wa mkanda nao unadai zaidi ya viungo. ITF ina mifuatano 24 ya miondoko, na mtahiniwa huulizwa maana ya jina la kila mmoja: Do-San ni jina la heshima la Ahn Chang-ho, mpigania uhuru na mwalimu, Chung-Mu ni la Admirali Yi Sun-sin. Mtoto wa Kisauni atajua historia ya Korea kabla hajaijua ya Fort Jesus, jambo ambalo mzazi anaweza kulirekebisha wikendi kwa ada ya kiingilio. WT nayo ina mifuatano minane ya Taegeuk kwa mikanda ya rangi, iliyojengwa juu ya alama za falsafa, nne kati ya hizo zikionekana kwenye bendera ya Korea Kusini. Maana zake hufundishwa kwa viwango tofauti sana kutoka ukumbi hadi ukumbi.

Mapigano ya ITF huruhusu ngumi za kichwani lakini kwa kujizuia. Aliyepiga kwa nguvu kupita kiasi amekosa adabu kabla ya kukosa pointi. Katika WT ngumi ya uso ni marufuku, lakini teke hupigwa kwa nguvu kamili juu ya kinga ya kifua yenye vihisi vya elektroniki. Mama anayeogopa ngumi atachagua WT. Anayetaka mtoto mkali ajifunze kupunguza mkono wake, ITF inamfaa zaidi. Mimi ningempeleka mtoto mwenye hasira ITF bila kufikiri mara mbili.

Hapkido: adabu ya kugusana

Hapkido ilitokana na mafunzo ya Choi Yong-sool, aliyerudi Korea kutoka Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kufundisha Daegu. Ji Han-jae ni miongoni mwa walioieneza zaidi. Ina mateke, lakini mengi yake ni kushikwa, kukunja viungo, kuangusha na kuanguka. Haina shirika moja kubwa duniani wala haimo kwenye Olimpiki, na kupata mwalimu wa kweli Mombasa kutakutaka uulize sana. Mtu akikwambia anafundisha hapkido, muulize alijifunza kwa nani.

Adabu yake yote iko kwenye mwili wa mwenzako. Unampa mkono wako aukunje, naye anakupa wake. Ukisikia maumivu unagonga mara mbili, sakafuni au mwilini mwake, naye anaachia papo hapo. Anayechelewa kuachia ili aonekane hodari ndiye mtu mbaya zaidi ukumbini, hata akiwa na mkanda wa rangi gani. Watoto wadogo hawana subira ya namna hiyo, na viungo vyao bado vinakua. Ningeiacha mpaka ujana.

Halafu kuna suala la wanaume na wanawake. Katika taekwondo, sehemu kubwa ya darasa hufanywa kwa hewa au kwa pedi, kwa hiyo msichana anaweza kupita mwaka mzima akifanya mazoezi na wasichana wenzake bila kelele. Katika hapkido kushikana ndiyo somo. Mwanamke wa Mji wa Kale asiyetaka kushikwa na mwanamume asiye maharimu wake anahitaji darasa la wanawake, au angalau hakika ya mwenza wa kike kila mara. "Tutaangalia" si jibu. Kwa upande mwingine, kwa mwanamke mtu mzima anayerudi usiku kutoka kazini, mbinu za kujinasua mkono ulioshikwa zina faida ya moja kwa moja kuliko teke la kuzunguka, na kundi la wanawake watano wakijipanga wanaweza kumwita mwalimu awafundishe peke yao.

Wakubwa wa mkanda

Kote kutatu kuna jambo moja ambalo haliandikwi ukutani: heshima kwa waliotangulia. Likifanywa vizuri, kijana wa mkanda mwekundu humfunga mtoto mpya mkanda wake, humwonyesha pa kusimama, hufagia pamoja na wengine. Likifanywa vibaya, huwa kisingizio cha kutumana soda, kupigana kwa nguvu na wadogo, na kunyamazisha malalamiko. Tamaduni za Kikorea na za Pwani zote mbili humfundisha mdogo kutojibizana na mkubwa, na zikikutana pamoja mtoto anaweza kunyamaza kuliko inavyofaa. Kwa hiyo mwambie mtoto wako wazi: kuinama ni kwa wote, lakini akiumizwa kwa makusudi, akiguswa pasipofaa au akiambiwa afiche jambo, aseme nyumbani siku hiyohiyo. Na mwalimu asiyewaruhusu wazazi kukaa na kutazama, mwondokee, hata kama ni bingwa.

Fedha nazo zina adabu yake. Ukumbi wenye mitihani kila baada ya wiki chache, kila mmoja na malipo yake ya M-Pesa, na ambamo hakuna anayeshindwa kamwe, unauza mikanda.

Ningechagua nini

Kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi mwenye nguvu nyingi na anayependa kushindana, WT, kwa sharti kwamba umeiona ile dakika baada ya kushindwa. Kwa mwenye hasira, au mwenye aibu anayehitaji maneno ya kushikilia, ITF, ukishakubaliana juu ya kiapo. Kwa binti anayevaa hijabu, zote mbili zinafaa. Hapo tazama mwalimu anavyompanga na wenza wake. Hapkido iwe ya watu wazima na vijana, katika kundi lenye mpangilio wa jinsia unaoeleweka.

Wakati wa Ramadhani kumbi nyingi zitabadilisha saa, baadhi baada ya tarawehe, baadhi zikisimama kabisa. Uliza hilo kabla ya kununua doboki, na uulize pia mtoto anayefunga akija darasa la saa kumi jioni atafanya nini: ukumbi mzuri utamweka kwenye mifuatano ya miondoko taratibu kivulini, na hautamwambia kwamba wenzake wa Korea hawachoki.